Sensa Iliyosema Betri Imeshiba

Wapendwa, hebu tegeni sikio. Palikuwa na fundi mmoja wa umeme wa magari aliyefiwa na mkewe. Matanga yalipokwisha, watu walikunja mikeka wakaenda zao, naye akabaki na nyumba. Kila jioni alisonga ugali wa watu wawili, mkono ulikuwa haujazoea, akala nusu huku redio inaongea, ili tu pawe na sauti ya mtu. Alikuwa mpweke, nasema wazi. Lakini nani alijua?

Asubuhi moja mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, akafika gereji gari lake likisukumwa.

"Fundi, betri nimenunua mpya, na taa ya betri haijawaka hata mara moja. Mbona kila asubuhi linagoma?"

Fundi hakuiamini dashibodi. Alifungua boneti, akapima betri yenyewe kwa mita: karibu tupu. Akaufuata waya mwembamba wa sensa, ile inayoiambia kompyuta ya gari hali ya betri, akakuta umeliwa na kutu.

"Umeona, mama? Mwongo ni huyu. Betri inakufa njaa, yeye anaripoti imeshiba. Basi gari linaona hakuna haja ya kuichaji."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Waya ukabadilishwa, betri ikabustiwa kwa umeme wa betri nyingine, injini ikanguruma.

"Ubarikiwe, fundi. Nakimbia, kuna mgonjwa nimeahidi kumtembelea. Habari za nyumbani lakini?"

"Nzuri tu, mama."

"Tumshukuru Mungu." Gari likaondoka.

Jamani! Mwongo katoka kushikwa sasa hivi, na fundi ameshachukua nafasi yake? Hata mwenyewe alijisikia akidanganya. Akatupa spana, akalikimbilia gari akipiga kelele. Mama akafunga breki, akachungulia dirishani kwa hofu.

"Limeharibika tena?"

"Gari ni zima, mama. Mimi ndiye... Nyumbani hakuna mtu. Nikitoka hapa siongei na yeyote mpaka kesho yake."

Mama alitazama saa. Kisha akazima injini, akashuka.

Sasa tuje kwetu. Kwa kusalimiana, sisi hatuna mpinzani. Mtu hata akiwa na msiba atajibu "nzuri" kwanza, ndivyo tulivyolelewa, halafu ndipo aseme "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila silali. Taabu yetu ni kwamba tunaondoka kabla ya "ila". Tunaichukua ile "nzuri", tunamshukuru Mungu kwa niaba yake, na tumeshafika getini! Yule fundi ilibidi atukimbilie barabarani. Wangapi humu ndani hawana tena nguvu za kukimbia?

Tukitoka hapa, muulize mwenzako habari za nyumbani. Akikujibu "nzuri", usiondoke. Bado hajamaliza.