Kanzu ya Idi na Punda wa Lali

Punda hajui kanzu, ajua jasho. Ndiyo, nimesema, na wala sikukutukana Athmani, usininunie. Umerudi leo kutoka Mombasa, mwaka mzima hatujauona uso wako. Umevaa ukapendeza, marashi yako yameingia nyumbani kabla yako, na mwanao Rukia alipokuona akakimbilia nyuma ya mtungi akalia. Nami nikasema nilichosema. Sasa dada yako Saumu anauliza, "Bibi, punda gani tena huyo?" Haya, sogeeni. Nipeni huo ukili wangu niendelee kusuka, maana mimi mdomo haufanyi kazi mikono ikiwa imelala. Chanzo cha msemo huo ni hapa hapa kwetu Matondoni.

Zamani, mama yangu akiwa bado kigori, palikuwa na mtu hapa akiitwa Lali wa Shee. Kazi yake ilikuwa kupeleka nazi na makuti Lamu mjini kwa punda. Mtu wa kikoi kimoja na fulana moja, juani kutwa. Yeye na kaka yake Skanda walirithi kwa baba yao punda jike mzee. Punda yule akazaa dume, kisha akafa. Lali akamlea yule mwana kwa mkono wake, akamwita Shuwari. Shuwari ni bahari iliyotulia, mnajua, lakini punda yule utulivu hakuwa nao hata wa kuazima. Kuti likianguka, mbio. Kuku akipiga mabawa, mbio. Siku moja alikimbia chafya yake mwenyewe, wallahi, mama aliona kwa macho.

Skanda akasema, "Punda anayeogopa watu ataingiaje mjini? Huyu tumpeleke kwa wachimba mawe." Na punda wa machimboni, wajukuu zangu, hawakuwa wakizeeka. Lali akakataa katakata. Ndugu wakagombana mpaka wakaacha kula pamoja, na punda ni wa wote wawili, hakuna awezaye kuamua peke yake. Wazee wakawakalisha chini baada ya sala ya Ijumaa, wakakata shauri: Idi pili kuna mashindano ya punda mjini, kutoka Langoni mpaka Mkomani, kwa ngoma na watu tele. Shuwari akifika mwisho na Lali mgongoni, hata akiwa wa mwisho, ni wa Lali. Akikataa, ni wa mawe. Wote wawili wakaitikia.

Lali akaanza kazi. Kila jioni alimpa Shuwari pumba uani, na mkewe Mwanaesha akakaa mbali kidogo akipiga tari taratibu. Kesho yake akasogea kidogo, akapiga kwa nguvu kidogo. Majirani wakacheka mpaka mbavu zikawauma. "Jamani, kwa Lali wanamchezea ngoma punda! Bibi harusi yuko wapi?" Mwanaesha akawajibu, "Mleteni, mahari tunayo, ni pumba."

Kisha wakaanza njia ya mjini. Siku ya kwanza mpaka mwisho wa shamba, wakarudi. Siku nyingine mbele kidogo. Shuwari akishtuka akisimama, Lali hakumvuta kamba. Alisimama naye, mkono shingoni, mpaka yale masikio yalegee. Wapita njia wakimuuliza, "Lali, umekwama?" alijibu, "Hatujakwama, twatazama." Wakawa wanatazama hivyo, mtu na punda wake, na Ramadhani ilipokwisha, Shuwari alikuwa anaweza kusimama sokoni akatafuna ganda la ndizi. Lali alifurahi mno. Alisema usingizi wake umerudi.

Idi pili ikafika. Asubuhi Lali, Mwanaesha na Shuwari wakashika njia ya mchangani. Lali alivaa kikoi chake cha kazi, maana kanzu mpya ataichafuaje kwa vumbi? Walipofika Langoni kwa shangazi yake, akamfunga Shuwari mlangoni, akaingia ndani. Akaoga. Akavaa kanzu mpya na kofia ya vito, akafukizwa udi, akapakwa manukato ya haludi nyuma ya masikio. Mtu na Idi yake, nani atamlaumu? Kikoi na fulana akavitia ndani ya pakacha. Akatoka nje akiwa bwana harusi mtupu.

Shuwari akamnusa. Lo! Akarudi nyuma, akapiga mateke, akalia kwa sauti ya kuita msaada. Lali akamwita kwa jina, hasikii. Akamshika shingo, punda akatetemeka mwili mzima, akataka kukata kamba. Watu wakajaa. Na ng'ambo ya pili ya kichochoro amesimama nani? Skanda.

"Nipe kamba, ndugu yangu," Skanda akasema, na wala hakusema kwa ubaya. "Tulikubaliana mbele ya wazee."

Lali machozi yakamlenga. "Jana alikuwa mzima! Jana alikuwa akila mkononi mwangu!"

Hapo Mwanaesha akatoka mlangoni. Akamtazama punda, akamtazama mumewe, akamsogelea akanusa shingo yake.

"Lali, unanukia kama chumba cha fungate. Hata mimi nisingekujua."

"Mwanaesha, huu ndio wakati wa mzaha?"

"Si mzaha. Yule aliyemlea huyu punda yumo ndani ya pakacha. Mtoe."

Lali akaelewa, akakunja uso. "Nivue kanzu? Leo Idi? Mbele ya mji mzima?"

"Vua, au mpe kaka yako kamba."

Basi, wajukuu zangu, mkumbuke, zile zilikuwa siku ambazo mtu heshima yake ilikuwa kanzu yake. Lali akaipapasa kanzu yake mpya. Kisha akaingia ndani, akajiosha shingo na masikio kwa maji na mchanga, akatoka na kikoi chake kilichopauka na ile fulana yenye jasho la mwezi mzima. Vijana wa mjini wakapiga vigelegele vya kejeli. "Mtazameni mwenye Idi yake!" Lali akaenda moja kwa moja kwa punda wake. Shuwari akanyoosha shingo, akanusa. Akakitia kichwa kwapani mwa Lali, chote mpaka machoni, akashusha pumzi. Masikio yakalegea.

Mashindano yakaanza. Punda wengine wakatimka, vumbi likapaa. Ngoma zilipolia Shuwari akashtuka, akasimama katikati ya njia, na Lali mgongoni akatulia. Mtu akapiga kelele, "Umekwama, mwenye fulana!" Lali akajibu, "Hatujakwama, twatazama." Akamwekea mkono shingoni. Punda akatazama ngoma, akatazama watu, kisha akaanza kutembea. Hakukimbia, alitembea tu, tena kwa madaha, mpaka wapiga ngoma wakaona raha wakamfuata nyuma. Alipofika Mkomani washindi walikuwa wameshakwenda kunywa kahawa.

Skanda alikuwa akisubiri pale. Akacheka, akataka kumpapasa Shuwari, lakini Skanda naye alikuwa amejifukiza udi wa Idi. Punda akampigia chafya kanzu nzima. Skanda akajitazama, akasema, "Kumbe punda hajui kanzu, ajua jasho! Mchukue, Lali, ni wako. Na jioni mimi naja kula kwenu." Akaja kweli, wakala sinia moja. Msemo ukabaki Matondoni mpaka leo.

Sasa wewe Athmani, inua uso. Najua Mombasa hukukaa kwa raha, na najua ulikwenda kwa ajili ya huyu mtoto. Lakini yeye atayajuaje hayo? Ulipoondoka alikuwa wa kubebwa. Hajui marashi wala shati, anatafuta mtu. Vua shati hilo. Mbuzi ya kukunia ipo pale, nazi zinangoja tangu asubuhi, na mie mgongo unaniuma. Kaa ukune, utoke jasho. Usimwite, usimvute. Akisimama, nawe tulia, mtazamane.

Saumu, unacheka nini? Nyamaza! Tazameni kule kwenye mtungi, kichwa kimeshachungulia. Kuna, baba, kuna, usigeuke. Anakuja kuomba nazi mkononi mwako. Mmeona? Punda hajui kanzu, ajua jasho.