Hori la Maji Langoni

Wapendwa, twendeni pamoja kwenye shamba moja la nyanda za juu, kwa mzee aliyefuga farasi watatu. Wawili walikuwa wazima. Wa tatu, jike mwekundu aliyempenda kama mwanawe, aliugua kwato. Alikuwa amekula majani mabichi mengi mno na kusimama bandani miezi mingi, hata kila hatua ikawa kama kukanyaga makaa.

Daktari wa mifugo, binti mdogo tu, alitibu uvimbe, akachonga kwato, kisha akasema, "Sasa lazima atembee, mzee. Farasi kaumbwa kutembea kutwa."

Akachora ramani. Ndani ya uzio wa shamba uwekwe uzio wa pili, hatua nne kutoka ule wa kwanza, ipatikane njia nyembamba inayolizunguka shamba lote. Maji yawe kona moja, nyasi kavu kona nyingine, chumvi ya tatu, na katikati ya njia changarawe ya kukaza kwato. "Akitaka kunywa, atatembea. Akitaka kula, atatembea. Hatasukumwa na mtu, shamba lenyewe litamtembeza!"

Mnaona uzuri wake? Mimi nilipoelewa jambo hili nilishindwa kukaa kitini!

"Nampa siku thelathini," daktari akasema. "Asipotembea, tutampumzisha milele kwa sindano. Tusimwache ateseke."

Mzee akajenga uzio kwa kipimo, bila kupunguza hata hatua moja. Siku ya thelathini daktari akarudi, sindano mkobani. Jike alikuwa amesimama langoni, misuli imesinyaa. Daktari akapapasa kwato: joto la uvimbe limekwisha. Akashangaa. Akaizunguka njia kwa miguu. Kona ya mbali majani yalikuwa yameota njiani, na alama ya kwato hakuna hata moja.

"Mzee, hawa wanakula wapi?"

"Hapa langoni."

"Na maji?"

"Hapo hapo. Chumvi pia. Daktari, ungemwona alivyochechemea siku ya kwanza! Ningewezaje kumtazama? Nilivisogeza vyote siku ile ile."

"Yaani umejenga barabara nzima, halafu mgonjwa ukampangia chumba mlangoni?"

"Nilimhurumia!"

"Mzee wangu, huruma yako ndiyo iliyonileta leo na sindano."

Mzee akaliendea hori. Alimwaga maji, akalikokota mwenyewe mpaka kona ya mbali, akalijaza tena. Farasi wawili wazima wakalifuata. Jike akabaki langoni, akilia. Mzee akarudi, akashika mbao za lango kwa mikono miwili ili asimkimbilie na ndoo. Robo saa ikapita. Nusu saa. Kisha mguu mmoja ukasogea. Wa pili! Akasimama, akahema, akaenda tena. Wapendwa, alifika! Akazamisha pua majini, akanywa, na daktari akafunga mkoba wake.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme kwamba sisi ni yule farasi, na Mungu ametuwekea maji mbali, basi tuvumilie. Leo sisemi hivyo. Sisi ndio yule mzee!

Ni nani humu anayemjibia mjane kila anapoulizwa swali? Ni mama gani anayempigia simu mwalimu wa chuo kwa niaba ya kijana wa miaka ishirini na mbili? Ni nani mwenye baba aliyepooza upande mmoja, daktari akasema atembezwe, naye anamletea hata kijiko mdomoni? Nisieleweke vibaya: sisemi tuwanyime maji. Maji yalibaki shambani, na safi. Nasema tujiulize kwa unyofu kama tunawahurumia wao, au tunayahurumia macho yetu yasione wakichechemea.

Ukifika nyumbani leo, mwache baba ainuke mwenyewe. Kaa karibu, usiende popote, tetemeka kama ni lazima. Lakini mwache ainuke.