Kituo cha Betri cha Bwana Fisi

Zamani, wanyama walipokuwa wamekwisha kupata umeme lakini hawajapata akili ya kuutumia, kiangazi kiliukausha mto wote, ikabaki pampu ya kisima. Pampu hiyo iliendeshwa na paneli za jua. Mchana maji yalimwagika ovyo, hadi Tembo akawa anaoga kwa starehe tu. Jua likizama, pampu ilikata kauli.

Aliyeumia zaidi ni Bi Nungunungu. Yeye na wenzake wa usiku hawakuthubutu kwenda kisimani mchana, Simba akiwa amejinyoosha pale. Usiku akifika, anakuta tope. Nyumbani watoto wake walikuwa wakinyonya viazi vitamu ili wapate unyevu, na viazi vyenyewe vilibaki kikapu kimoja.

Jioni moja Fisi akaitisha mkutano. "Ndugu zangu," alisema, "umeme wa mchana unapotea bure. Tujenge kituo cha betri pale kilimani. Mchana tunaweka, usiku tunatoa."

Wazo lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Fisi alilisikia mahali akalishika upande mmoja tu, ule wa kuweka.

"Hizo betri zinajazwa nini?" aliuliza Bi Nungunungu.

"Chakula," Fisi akajibu bila kupepesa macho. "Betri changa ni kama mtoto, Bi Nungu. Ukiilisha jua moja kwa moja itavimbiwa. Inaanza na nyama, mayai, asali. Kitaalamu tunaita kuchaji."

Simba hakuelewa hata neno moja. Lakini mfalme hawezi kuuliza swali mbele ya Sungura, kwa hiyo alitikisa kichwa taratibu kama aliyesomea. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Kila nyumba ilete."

Wakaleta. Fisi akapanga masanduku matupu kilimani, akazungushia uzio, akabandika kibao cha HATARI, kisha akajifungia ndani na chakula cha mbuga nzima. Bi Nungunungu naye alipeleka kikapu chake, huku watoto wakimwangalia. Fisi hali viazi. Vile alivila.

Usiku pampu ikabaki kimya. "Bado inachaji," Fisi alisema kupitia uzio, akicheua. Kesho yake ikawa bado. Keshokutwa yake mtoto mdogo wa Bi Nungunungu hakuamka kuomba maji, alilala tu ulimi nje. Mama yake alilia njia nzima mpaka kwa Sungura.

"Twende tukauvunje ule uzio," alisema.

"Tukiuvunja tutakuta masanduku matupu, na Simba ataaibika," Sungura akamjibu. "Akiaibika atamla mtu, na huyo mtu hatakuwa yeye mwenyewe. Twende tukamsifu Fisi."

Jioni hiyo, mbele ya wote, Sungura akainama. "Bwana Fisi, chakula kikiingia kwenye betri kinageuka umeme?"

"Chote."

"Hakipotei hata kidogo?"

"Kwangu hakipotei kitu," Fisi akajisifu.

Sungura akamgeukia Simba. "Mtukufu, wewe uliyaelewa haya tangu mwanzo, sisi ndio wazito. Chakula chote kimeingia wapi?"

Simba akalitazama tumbo la Fisi, lililokuwa likiburuzika chini. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, alielewa kitu, na furaha yake haikuwa na kifani.

"Betri ni Fisi," akanguruma. "Nilijua siku zote. Tena imejaa pomoni. Iunganisheni."

"Mimi ni mtaalamu tu," Fisi akajitetea, lakini walikwisha kumshika.

Pampu ilikuwa na gurudumu la zamani la kuzungusha kwa mikono, zito mno kwa wenye njaa. Wakamfunga Fisi hapo, kibao cha HATARI shingoni. Akazungusha. Maji yakatoka, mengi, ya baridi, na mtoto wa Bi Nungunungu akanywa mpaka akapaliwa. Mama yake akacheka na kulia kwa pamoja.

Kabla hakujapambazuka Fisi alikuwa hoi. "Bi Nungu, mama yangu, nihurumie. Nimekwisha."

Bi Nungunungu akamtazama, kisha akasogeza ndoo nyingine.

"Betri haiongei, Bwana Fisi. Zungusha."