Pumzi ya Tatu

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kwamba jambo dogo ukilipuuza litakutendea makubwa. Wanangu, msidhani aliyeponzwa humu alikuwa mjinga. Alikuwa na mkono mwepesi na sikio zito.

Bingwa na dada yake mkubwa walikuwa na gereji. Hakuna injini iliyomshinda Bingwa, na sifa zilimlevya kuliko pombe. Siku moja mjomba wao alileta gari lililokuwa likikohoa kama mzee mvuta tumbaku. Kwa gari hilo alikuwa akimpeleka mkewe hospitali ya mbali kusafishwa damu, kwani figo zake zilikuwa zimekufa. Safari iliyopita waliikosa kwa ubovu huohuo, na daktari alisema asikose tena. Safari ilikuwa kesho yake.

Injini ile haikuwa ya pistoni. Ndani mlikuwa na rota, chuma cha pembe tatu kinachozunguka katika chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Kila pembe ina mfereji mwembamba. Humo hukaa springi, na juu yake sili, kijiti cha chuma. Springi huisukuma sili iguse ukuta, ili moto usivuje kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Dada alipozisafisha sili aliona moja imemeguka ncha.

"Hii haifai. Tuagize nyingine."

"Ije wiki ijayo? Mjomba anasafiri kesho!"

"Basi akodi gari."

"Dada nawe! Ukiona kipele unaita daktari wa upasuaji."

Bingwa akazipaka sili grisi zisidondoke, akafunika, akakaza bolti huku akipiga mluzi. Kabla ya kurudisha plagi, dada akazungusha shafti kwa mkono na kutega sikio. Injini hiyo ikiwa nzima hutoa pumzi tatu zilizo sawa. Ikatoa puf, puf, kisha fsss.

"Umesikia ya tatu?"

"Nimesikia dada yangu akitafuta kasoro. Ikipata moto itajikaza."

"Nampigia mjomba simu."

"Mpigie! Ukinivunjia jina, gereji hii sikanyagi tena."

Dada akairudisha simu mfukoni. Ukimya ule ulimla moyo mpaka uzeeni.

Asubuhi gari liliwaka vizuri, Bingwa akajipiga kifua. Lakini kwenye mlima, mbali na mji, ile sili ikakatika. Vipande vikazikwaruza kuta za chumba, nguvu ikaisha, gari likazimika. Mjomba alipunga mikono barabarani mpaka ikachoka. Magari yalipita kama hayamwoni. Mkewe, aliyejaa maji mwilini, alipumua kwa shida kwenye kiti cha nyuma, akimwomba afungue madirisha ambayo yalikuwa wazi tayari. Lori lilipokuja kusimama, mama wa watu alikuwa amekwisha kukata roho.

Baada ya mazishi, Bingwa alimpigia mjomba magoti.

"Nisamehe, Mjomba. Kilikuwa kitu kidogo tu."

Mjomba alimtazama kwa macho makavu.

"Na kaburi lile, mpwa wangu, nalo ni dogo?"

Mwiba aliudharau Bingwa, mguu uliovimba ukawa wa mwenziwe. Haya basi, nani atabisha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende?