Sultani Aliyetaka Kila Kitu Kiwe Karibu

Sogeeni, na walio nyuma wapisheni, maana hekaya hii haitaki kelele. Palikuwa na Sultani Kiwabi bin Dahlani, naye alitawala mji wa Zaharani, mji wa vichochoro na vivuli, na kila nyumba ilikuwa na baraza lake la mawe, na kisima kilikuwa uwanjani, na soko lilikuwa ng'ambo, hata mtu hakuweza kunywa maji wala kununua nazi ila atembee, na asalimiwe, na aitikie.

Siku moja ya joto Sultani alirudi msikitini magoti yakimuuma, na kwenye kila baraza watu wakamwita, "Karibu kahawa, bwana wetu!" Akaitikia wa kwanza, akaitikia wa pili, na kufika kwa muuza ubani uso ulikwisha kumkunjika. Akaingia kwake, akaisugua pete ya akiki aliyoachiwa na babu yake, na papo hapo akatokea jini Makata, kichwa kikigusa dari.

"Labeka, ewe mwana wa masultani! Amuru, nami nitatii."

"Nimechoka na njia," akasema Sultani. "Nataka kila kitu kiwe karibu, kwangu na kwa raia wangu wote."

"Kila kitu?"

"Kila kitu! Kwani wewe kiziwi?"

Lo, laiti angenyamaza! Kulipokucha vichochoro vilikuwa vimejaa mchanga, na mabaraza yamemezwa na kuta, na ndani ya kila nyumba pana shubaka, kitundu cha ukutani: mtu atia mkono, atoa maji, atia tena, atoa mkate wa moto na kanzu na marashi. Watu wakashangilia, wakala, wakalala. Hata miezi ilipopita, miguu ikawavimba, na vijana waliokuwa wakicheza ngoma hadi alfajiri wakawa wanahema kwa kupanda kitandani tu.

Na Sultani je? Watumishi walikwisha kwenda makwao, maana kazi yao ilikuwa kuleta, na sasa hapakuwa na cha kuletwa. Kila alasiri alitoa shubakani vikombe viwili vya kahawa, kimoja chake na kimoja cha Mwanatumu, binti yake wa pekee aliyekaa upande wa pili wa mji, ambaye zamani alikuja kwa miguu kumwamkia. Akanywa chake, na kile cha pili kikapoa mbele yake. Alikuwa mpweke, jamani, pamoja na usultani wote ule, mpaka akawa anajisalimia mwenyewe.

Akaisugua pete. "Niletee mwanangu."

"Siwezi, bwana wangu," akasema Makata. "Uliomba kila kitu. Hukuomba kila mtu."

Sultani akakaa kitako. "Basi nipe habari zake."

"Habari ni kitu, hizo ninazo. Yu kitandani, miguu haimbebi, pumzi zamwishia. Dawa zimejaa shubakani mwake, lakini maradhi yake ni kukaa na ukiwa, na hayo hayana dawa ya kunywa. Mwezi huu hautaisha naye yu hai."

"Fungua njia! Nakuamuru!"

"Amri ya pete haitanguliwi na pete. Karibu uliyoitaka itavunjwa na karibu uliyoikimbia: mtu aende kwa miguu yake, na mwenye nyumba amfungulie kwa mkono wake na kumkaribisha kwa kinywa chake."

Basi Sultani akatoka. Akazama mchangani, akashika kuta, kilemba kikaanguka asikiokote, na nyuma ya milango akasikia watu wakikohoa, kila mtu peke yake. Pale kwa muuza ubani alitamani mtu amwite japo kwa matusi, na hakuitwa. Akalia wazi, akaendelea.

Jua likielekea kuchwa akafika mlangoni pa binti yake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, mwanangu!"

Kimya. Nanyi mnajua ada: hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka. Sultani akaifunga ya tatu mdomoni, akaogopa kuitoa, akaketi mchangani na kuegemeza kichwa mlangoni. Ndipo akasikia mguu ukiburuzwa sakafuni, ukatulia, ukaburuzwa tena.

Akasema polepole, "Hodi."

Komeo likalia. Mwanatumu akasimama ameshika fremu, amekonda, anatetemeka, na sauti imekauka kwa kutosemeshwa.

"Karibu, baba."

Pete ikapasuka kidoleni, na mchanga ukatoweka, na mabaraza yakatoka ukutani, na mji mzima ukatoka nje ukichechemea na kuulizana hali. Mwanatumu alipona taratibu, kwa kutembea, na akaolewa na mwashi aliyepewa kazi ya kutengeneza njia, na harusi ikazungushwa mitaa yote kwa miguu, wazee wakilalamika na kucheka. Sultani akakataza kisima kuchimbwa ndani ya nyumba ya mtu, hata kwake. Nanyi mnaojenga, acheni mahali pa kupita na pa kuketi.

Na kila alasiri Sultani alikwenda kwa binti yake, akaukuta mlango wazi, naye hakuingia. Alisimama nje, akapiga hodi, akangoja aambiwe.