Waridi Chini ya Mzambarau

Sogeeni, ila ndugu wasikae pamoja, maana nikimaliza mtabishana.

Bi Shufaa wa Pangani alikuwa na mabinti watatu. Mwanakheri, wa kwanza, haogopi kupanda juu. Hata paa la nyumba yake alilipigilia misumari mwenyewe. Salha, wa pili, ana mikono ya kazi, akishika jembe haliachi. Wa mwisho, Tumu, hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia, anarudi. Ndiyo maana bangili za bibi alipewa Mwanakheri, mkufu akapewa Salha, na Tumu akaambiwa, "Wewe utapoteza." Neno hilo lilimkaa kifuani miaka sita.

Kilichobaki ni mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia wageni marashi harusini. Bi Shufaa akasema, "Atauchukua atakayefanya mwaridi wangu uchanue."

Mwaridi wenyewe aliupanda chini ya mzambarau, akidhani anaukinga na jua. Mwaka wa nne huo, majani tu.

"Tuukate huu mzambarau, mama," Salha alisema.

"Marehemu baba yenu aliupanda wiki tuliyooana. Shina lisiguswe."

Basi Mwanakheri akapanda. Akapunguza matawi ya upande wa mashariki tu, mpaka jua la asubuhi likaufikia mwaridi. Ukachipua, kisha ukasinyaa.

Salha akachimba. Akakuta mizizi ya mzambarau imejisokota pale chini, inamaliza maji yote. Akaikata kwa shoka, akafukia bati kuukuu wima ili isirudi, akajaza samadi. Mwaridi ukanawiri, ukatoa tumba moja.

Tumu hakuwa na kazi ya kusifiwa. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, na katikati ya hapo alikwenda kulitazama tumba mara kumi, mara ishirini. Anakata vitunguu, anaacha kisu, anakwenda.

"Tulia, mwanangu, unanizungusha kichwa," Bi Shufaa alimwambia.

Hakuweza. Aliogopa mno. Na safari moja kati ya hizo akakuta viwavi wawili wameanza kulitoboa tumba. Akawatoa kwa vidole. Angengoja amalize vitunguu, tumba lingekwisha.

Ijumaa waridi likafunguka, jekundu, moja tu.

"Bila jua lisingekuwepo," Mwanakheri alisema.

"Jua lako lilikuta mti unakufa njaa," Salha akamjibu. "Nani aliulisha?"

Tumu akaingilia. "Na mimi ningetulia kama mnavyotaka, leo mngebishania nini?"

Bi Shufaa akautoa mrashi kabatini, akausugua kwa upindo wa kanga, akawatazama mmoja mmoja. Mwanakheri ana bangili, Salha ana mkufu. Lakini hakuahidi kumpa asiye na kitu. Aliahidi kumpa aliyeuchanuza mwaridi. Aligeuka huku, akageuka kule, na sasa yeye ndiye aliyeshindwa kutulia.

Tumu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alisimama pale pale bila kutikisika, mikono yote miwili ameikinga mbele.

Mrashi bado uko mkononi mwa mama. Haya, ninyi mliokaa hapa: ungekuwa wewe, ungempa nani?