Simba Aliyenguruma Ukingoni mwa Kisima

Haya niliyasikia, nami nawapa kama nilivyopewa, ila mkiulizwa msinitaje.

Mwaka huo jua lilichoma mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote ni Bi Swala. Alikuwa amejifungua karibuni, maziwa yamemkatika, na mtoto hata kusimama hawezi. "Maji yasipopatikana, mwanangu nitamzika," aliwaambia wenzake.

Basi wakakubaliana kuchimba kisima pale pale mtoni. Simba akajitangaza mkuu wa kazi. Nani angebisha? Fisi naye akajitangaza msimamizi, maana penye chakula cha wenzake yeye hakosi cheo.

Kila asubuhi Simba aliwakusanya juani, akawapa hotuba ya kuwatia moyo mpaka mioyo yote ikachoka. Kisha akaenda kusimama ukingoni kabisa mwa shimo, akawa anakanyaga kwa kishindo na kunguruma: "Chimbeni! Babu yangu alichimba mito kwa ukucha mmoja!"

Sasa jamani, mchanga ni mchanga. Akikanyaga, ukingo unaporomoka. Akinguruma, ukingo wa pili unafuata. Shimo linajaa, wachimbaji wanatolewa wamepauka kama waliomwagiwa unga, na kesho yake kazi inaanza upya.

"Watu wangu wamelegea," Simba alisema.

"Wavivu hao, mzee," Fisi akaitikia. "Wewe una moyo laini mno."

Adhabu ya uvivu, ambayo Fisi aliitunga mwenyewe, ilikuwa kunyang'anywa chakula cha mchana. Kilikwenda wapi? Fisi alimwambia Simba kwamba anawagawia wajane. Mimi sijapata kumsikia mjane aliyekionja, ila habari za tumbo la Fisi zilinifikia.

Siku moja Ngiri, mchimbaji hodari asiyejua kuficha neno, alijikaza. "Mzee Simba, samahani, kama ungesimama mbali kidogo..."

Fisi akamdakia. "Umesikia, mzee? Anakufukuza kazini kwako!"

Simba akavimba shingo, na Ngiri akashinda na njaa. Tangu hapo midomo ikafungwa. Wakawa wanatetana pembeni, huyu anamlaumu yule kwa mchanga ulioanguka, hata Ngiri na Bi Swala wakanuniana kwa ajili ya kibuyu cha kutolea mchanga.

Mwishowe Bi Swala akamfuata Sungura, ambaye alibeba mchanga kidogo kuliko wote na kulalamikia mgongo kuliko wote. "Wewe una maneno. Mwambie ukweli. Mwanangu ananiishia."

"Dada yangu, ukweli hauingii kwenye masikio yale," Sungura akasema. "Tutauingizia utosini."

Asubuhi, hotuba ilipokwisha, Sungura akainua mkono kwa adabu zote. "Mzee, Fisi anasema huko chini ni kazi ya kitoto. Sisi tumekwisha kuwa wazembe. Kwa nini usishuke leo utuonyeshe kazi ya ukoo uliochimba mito?"

Kifua cha Simba kikajaa. "Leo mtaniona!"

"Na huku juu nani atatuhimiza? Labda Fisi. Maneno yako yote ameyakariri."

Fisi akashindwa kuficha meno. Simba akashuka peke yake, akachimba kwa madaha. Fisi akasimama pale pale mkubwa wake anaposimama, tumbo mbele, akaanza kukanyaga. Na yeye kwa vyakula vile vya wenzake alikuwa mzito hasa.

"Chimba!" akabweka. "Babu yangu alichimba mito kwa ukucha mmoja!"

Mchanga ukamwagikia manyoya ya Simba. Akajikung'uta. Ukaja mwingine, ukamjaa machoni.

"Fisi! Sogea nyuma, unanifukia!"

Lakini cheo kilikuwa kimekwisha kumpanda Fisi kichwani. "Kimya! Anayelalamika leo hali!" Akakanyaga tena, mara hii kwa miguu yote. Ukingo ukakatika, Fisi mwenyewe akaporomoka nao, akabingirika, na furushi alilojifunga mgongoni likafumuka. Viazi vya Ngiri, karanga za Sungura, matunda ya Bi Swala, vyote vikatawanyika mbele ya pua ya Simba, aliyefukiwa mpaka shingoni.

Juu, wachimbaji wakachungulia shimoni. Ngiri akamtazama Sungura. "Tukimwacha je?"

Sungura akajishika mgongo. Bi Swala ndiye aliyeruka shimoni. "Mchimbueni! Mtoto wangu hanywi kisasi!"

Walimtoa. Simba akakaa akipumua, mchanga ukimtoka puani, akautazama ule ukingo uliokatika.

"Ngiri. Siku zote ni hivi?"

Ngiri akamtupia Fisi jicho.

"Sema, ndugu yangu. Sikufanyi kitu."

"Siku zote, mzee. Isipokuwa ile siku uliyoumwa koo ukabaki nyumbani. Siku hiyo tulifika penye udongo mweusi."

Simba akainamisha kichwa. "Basi mvivu hakuwepo. Nilikuwepo mimi." Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Nitakaa kule kwenye kichuguu. Nikijisahau nikasogea, nirushieni dongo. Vyakula rudishieni wenyewe. Na Fisi ashike jembe, chini kabisa, Ngiri amsimamie."

"Mzee, mgongo wangu..." Fisi akaanza.

"Huo ni ugonjwa wangu, tafuta wako," Sungura akamwambia.

Simba alisahau, akarushiwa dongo, akarudi kichuguuni bila neno. Wengine wakala, wakachimba, wakaanza hata kutaniana. Kabla jua halijazama udongo mweusi ukalowa, kisha ukabubujika. Bi Swala akamlowesha mtoto midomo kwanza, akanywa na yeye. Baadaye mtoto akasimama, miguu ikitetemeka.

Na Simba? Kiburi hakikumtoka, alizaliwa nacho. Alizunguka akimnong'oneza kila mmoja: "Hakuna mkubwa anayejua kunyamaza kama mimi." Wakamwachia hilo, mradi anong'one.

Nanyi wakubwa wa maofisini, mnaouliza kila Jumatatu nani mvivu, hebu kwanza tazameni mmesimama wapi.